Mguu wa Kuku Umeshuka Bei

Mimi ni mlinzi wa hoteli Doha, na sijaona mlinzi mjinga kama mimi. Ijumaa hiyo ya mwaka 2016 nilikuwa mapumzikoni, chumbani kwetu Al Rayyan, nakaanga kuku. Supermaketi mbili za mtaani zilikuwa zimeshikana mashati: hii ikishusha bei ya kuku wa barafu, ile inashusha zaidi, nasi tunajaza friji. Basi mume wangu Omondi alipopiga simu kutoka Nairobi, akili yangu yote ilikuwa kwenye sufuria.

"Mama Terry, mguu wa kuku umeshuka bei huku," akasema kwa sauti ya chini. "Wauzaji wamekuwa wengi. Huyu akitaja yake, mwenzake anapunguza. Ninunue?"

"Sasa hilo nalo la kuniuliza? Nunua hata miwili!"

Akasema asante, akakata.

Nyanchama, ninayeishi naye chumba kimoja, akaacha kukunja nguo. Kabla ya kuja huku alikuwa akilinda benki Nairobi.

"Damaris, duka lenu si liliibiwa mwezi jana?"

"Liliibiwa."

"Basi huyo haongei mambo ya nyama. Mguu wa kuku ni bastola."

Nikazima jiko. Mimi niliyekulia kwaya ya kanisa ningejulia wapi? Nyanchama akanieleza taratibu, kama anayemtoa mtu mwiba. Uchaguzi ukikaribia watu huogopa, bei ikapanda. Mzigo ukiingia kwa wingi, wauzaji hunyang'anyana wateja, bei ikaanguka.

"Na ikimshukia mumeo, imewashukia wezi pia. Wananunua kwa watu walewale."

Nilipiga mara tatu kabla Omondi hajashika.

"Umenunua?"

"Bado. Namwona mtu saa nane. Ana mteja mwingine, nikichelewa nimeikosa." Kisha akaongeza, kama anayejitetea, "Si nilikuuliza?"

Hilo ndilo lililonichoma. Mwanamume huyu hajawahi kununua hata kiti bila kuniuliza, na mimi nimempa ruhusa ya kutafuta kifo huku nikigeuza kuku.

"Nilidhani nyama, Baba Terry."

Akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Naogopa," akasema. "Pikipiki ikisimama nje tu, najificha nyuma ya kaunta."

Miaka minane ya ndoa sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilimpenda mpaka nikakasirika.

"Ukiwa nayo, wezi watakuja na zao mbili. Funga duka."

"Duka ni jasho lako. Miaka mitatu umesimama mlangoni mwa watu."

"Kama ni jasho langu, nasema mimi. Funga. Nitasimama mingine mitatu."

Nikasikia mlango wa bati ukishuka, kufuli ikabanwa. Nikamwambia asikate simu. Akatembea, nikimsikiliza anavyohema, anavyosalimia watu njiani. Mara akasimama.

"Yule mtu anapiga."

"Usishike."

Hakushika. Baadaye kidogo akasema, "Ataichukua huyo mteja mwingine."

"Najua. Wewe tembea."

Nyanchama alinisogezea kiti, sikukaa. Nilisimama wima mpaka niliposikia geti la nyumbani, halafu Terry wetu akikimbia na kupiga kelele, akimwuliza baba yake mbona leo amerudi mapema.