Majani Yaliyofukiwa

Sauti ilimfikia Elia kabla hajaiona nyumba. Ilitoka nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma: mama yake akiimba shairi kwa mahadhi aliyofundishwa na Elia mwenyewe, na mwiko ukigonga sufuria. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukaanza, "Kashika njia...", ukakatika. Mwiko nao ukanyamaza. Kisha sauti ikarudi mwanzo, ikaja ikakwama palepale.

Elia akatabasamu peke yake, akaisukuma baiskeli hadi uani.

Mchana alikuwa fundi baiskeli karibu na soko. Jioni alifundisha fasihi kundi la watu wazima walioacha shule zamani na sasa walitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Cheti cha ualimu hakuwa nacho. Ushairi alijifunza mwenyewe kwenye vitabu vilivyong'oka majalada, na ole wake mtu aliyethubutu kumwambia mstari wake umepungua mizani. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo mama yake mzazi, Marsiana, mwenye miaka hamsini kamili. Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu za kujiandikisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewahi leo. Baiskeli za mji mzima zimepona?"

"Zimepona. Mgonjwa aliyebaki ni wewe. Mstari wa tatu unakushindaje? Mizani kumi na sita, nane kwa nane, umenyooka kama barabara ya lami!"

"Haunishindi."

"Basi umalizie nisikie."

Marsiana akaugeuza ugali wa ulezi, akaukandamiza kwa mwiko, akaepua. "Fomu iko mezani," alisema. "Sikuisaini. Mtihani sifanyi."

"Mama! Mwaka jana ulifaulu mtihani wa maarifa, ule wa kukufungulia kidato cha nne, nikakutangaza mpaka kwa wauza vitumbua. Leo unaniambia hufanyi?"

Mama aliingia ndani, akatoka na karatasi za maelezo ambazo Elia aliwaandikia wanafunzi wake, akamfungulia ukurasa wa nne. Shairi lenyewe lilikuwa la zamani, mtunzi wake hajulikani, na ubeti wake wa kwanza Elia aliuandika kwa herufi za kujidai:

*Mwana kamwacha nyumbani, jembe lake kainua,*
*Kafukia na majani, mvua ikipungua,*
*Kashika njia ziwani, kabla ya kutoka jua,*
*Mwana akilia njaa, nani wa kumchukua?*

Chini yake uchambuzi: *Mhusika, mama. Sifa zake: katili, hana utu, amesaliti damu yake. Ushahidi: anamtelekeza mtoto, kisha anafukia majani, ishara ya kuyazika mapenzi.*

Jana Jovina, jirani yao, aliyasoma maneno hayo mbele ya darasa, akamalizia, "Huyu mama afungwe!" Darasa likaangua kicheko, na Elia akacheka kuliko wote. Sasa alikumbuka kwamba mtu mmoja hakucheka. Alikuwa ameinamia daftari lake, analikunja pembe.

"Hapa uliandika kwa akili au kwa hasira?" Marsiana aliuliza.

"Nilichambua, mama. Uchambuzi ni ushahidi. Kamwacha mtoto, kafukia majani, kaondoka alfajiri kama mwizi. Ulitaka nimwite malaika?"

"Majani aliyafukia ya nini?"

"Ni ishara ya..."

"Ishara, ishara! Wewe Mfipa wa wapi? Njoo huku, mwalimu."

Akachukua jembe lililoegemea ukuta, akamwongoza nyuma ya nyumba kwenye kiploti chao. Mvua za mwaka zilikuwa zinaelekea kwisha na nyasi zilifika magotini. Marsiana akakata udongo pamoja na nyasi zake, akaupindua, nyasi chini, mizizi juu. Akazunguka, akapindua tena na tena mpaka likasimama tuta la mviringo, ntumba, kama bibi yake Elia alivyokuwa akiyatengeneza kijijini upande wa Laela.

"Majani haya yataoza humo ndani," alisema akihema. "Juu yake nitapanda maharage. Ila ulezi, mwanangu, huuli mwaka huu. Mwakani ndipo unalitawanya tuta, unasia. Sasa niambie, mtu anayeondoka asirudi tena anajichosha kwa chakula cha mwakani?"

Elia akainama, akazigusa nyasi zilizochungulia chini ya tuta.

"Mwaka aliokufa baba yako ulikuwa na miaka sita. Nyumba haikuwa na kitu. Nikasema niende Kabwe, kule ziwani, nikaanike dagaa, nirudi baada ya mwaka mmoja. Kabla sijaondoka nilipindua ntumba arobaini shambani kwa bibi yako, mikono ikatoka malengelenge. Nikakuacha kwake umelala, maana ungelia nisingeweza kutoka. Mwaka mmoja ukazaa mitatu. Hilo ni kosa langu na silikatai. Lakini ule ulezi uliokula mwaka wa pili kwa bibi yako, ulidhani umeota wenyewe?"

Elia alikaa chini, pale pale kwenye nyasi. Ugali ule aliukumbuka. Aliukumbuka mweusi, wa moto, na mikono ya bibi ikimmegea. Miaka yote alimshukuru bibi peke yake. Na shairi lile alilipima silabi kwa silabi, akaringa nalo mji mzima, bila kujiuliza hata mara moja yule mama aliyafukia majani kwa ajili ya nani.

"Nilimwandika mama wa shairi," alisema polepole, "kumbe nilikuwa namwandika mtu mwingine."

"Najua. Ndiyo maana fomu ilinishinda. Nikaandike kwenye mtihani kwamba mimi katili, nipewe maksi?"

Elia alichomoa kalamu mfukoni, akalaza karatasi juu ya goti, akakata mistari yote ya uchambuzi wake. Juu yake akaandika: *Ushahidi: alifukia majani. Alikuwa na nia ya kurudi.* Akampa asome.

Marsiana alisoma, midomo ikicheza. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mwandiko mbaya, mwalimu," alisema. Kisha, bila kuombwa, akaimba mstari wa tatu wote, njia, ziwa na jua lake.

Waliporudi uani ugali ulikuwa umepoa. Aliisaini fomu kabla ya kunawa, ikabaki na doa la udongo pembeni.

"Kesho nitasimama mbele ya Jovina na wenzake," Elia alisema, "niwaambie nilikosea, na aliyenisahihisha ni nani. Na Novemba, mama, nitakusindikiza hadi mlango wa chumba cha mtihani. Nitakaa getini nikungoje. Hata ukichelewa kutoka, safari hii nitakungoja bila kinyongo."