Kiitikio cha Tanta Deitje

Kanisa letu la Tomohon, huku Indonesia, lilikuwa limezoea kupeleka nguo za mitumba kwa wenye shida. Kupeleka watu kulikuwa bado. Mwaka ule Mchungaji Kaparang alirudi kutoka mkutano Manado akiwa na wazo kichwani na fulana mpya kifuani, akatangaza kwamba kikosi cha sifa kitakwenda Keningau, ng'ambo ya bahari upande wa Malaysia, siku tisa, kuimba na kuwatia moyo ndugu wa kanisa dogo la kule.

Nasema kikosi kwa kuheshimu tangazo. Tulikuwa wanne. Mimi, Selvie, kwenye kinanda, ndiye niliyeitwa kiongozi kwa sababu nilikuwa na ufunguo wa chumba cha vyombo. Om Fentje, mjomba wa kila mtu mtaani, alipiga gitaa la besi vizuri kabla ya kunywa na vizuri zaidi baada ya kunywa. Yopi alipiga ngoma na hakuzungumza. Na mbele yetu wote alisimama Tanta Deitje, mjane wa miaka sitini na mitatu, shangazi wa mtaa mzima, ambaye kumpa kipaza sauti ni kuharibu umeme bure.

Tuliletewa mkufunzi, Bwana Lontoh. Alikuwa amewahi kwenda misheni mara moja maishani, akaugua tumbo siku zote kumi, na jambo hilo ndilo lililomfanya mtaalamu. Alitufundisha kufunga mizigo, kuweka akiba ya chumvi ya dawa ya kuharisha, na kutomnyooshea mwenyeji kidole. Siku ya tatu alitufundisha kutokataa chakula. Alituonya kwa uso wa huzuni kwamba tunaweza kuwekewa mezani vitu vya ajabu, na tuvipokee kwa upendo. Aliwaambia hayo watu wa Tomohon, ambao popo na panya wa msituni tunawanunua sokoni tukitoka kuchukua vitunguu. Om Fentje alimuuliza ni vitu gani hasa. Bwana Lontoh akapekua kitabu chake, akasoma: mbwa. Om Fentje akashusha pumzi, akasema basi safari hii ni ya Mungu kweli.

Nyimbo zilikuwa nane. Saba zilikuwa zile ambazo kila kanisa linaimba. Ya nane ilikuwa ya Tanta Deitje mwenyewe. Aliitunga jikoni kwake mwaka uliotangulia, akanililia nimtafutie muziki wake. Ulikuwa wimbo mzuri, niseme ukweli ingawa kumsifu Tanta kuna hatari zake. Kiitikio chake kilisimama juu ya neno moja, butuh, ambalo kwetu maana yake ni kuhitaji tu, neno safi, unaweza kulisema sokoni au madhabahuni. Ninakubutuh asubuhi, ninakubutuh mchana, ninakubutuh hata nisipojua kwamba ninakubutuh. Kiliendelea hivyo kwa dakika nzima, kikipanda sauti, hadi watu wa viti vya nyuma wakaanza kufuta macho.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, Mchungaji alirekodi wimbo huo kwenye simu akautuma Keningau ili kwaya yao ijifunze kiitikio, waje waimbe pamoja nasi. Hakuna aliyeona hatari. Lugha yao na yetu ni za tumbo moja, tunaangalia tamthilia zao na wao wanacheka vichekesho vyetu. Bwana Lontoh, mwenye sura nzima ya kitabu kuhusu lugha, aliiruka sura hiyo akasema huko hatuna shida.

Keningau walinyamaza siku mbili. Siku ya tatu likaja jibu la Mzee Gumpil, mzee wa kanisa la kule, na Mchungaji akatusomea mazoezini kwa sauti kubwa, kama alivyosoma kila kitu, bila kutangulia kukipitia. Mzee Gumpil alitusalimu katika Bwana. Alisifu sauti ya mama yule. Kisha akaandika kwamba, kwa unyenyekevu, neno linalorudiwa kwenye kiitikio, kwa huku kwao, ndicho kile ambacho Adamu alikifunika kwa jani la mtini, na kwamba kwaya ilijaribu mara moja ikashindwa kuendelea.

Mchungaji alifika mwisho wa ujumbe akasema "amina". Kisha akarudi juu, akasoma tena kimya, na nikaona wekundu ukimpanda kutoka kwenye kola.

"Kila asubuhi, Mchungaji?" aliuliza Om Fentje. "Na mchana pia?"

Halafu akalala sakafuni kando ya gitaa lake, akacheka hadi tukamletea maji. Yopi, ambaye hazungumzi, alisema kwamba ubeti wa pili ndio mbaya zaidi. Nilijaribu kukaa kama kiongozi. Nilifikia pale kwenye ule mstari wa hata nisipojua kwamba ninakubutuh, nikatoka nje kwa heshima ya jengo.

Dawa ilikuwepo na ilikuwa rahisi. Kuna neno perlu, nalo maana yake kuhitaji, lina silabi mbili vilevile, na pande zote mbili za bahari halimvui mtu nguo. Toa hili, weka lile. Kilichobaki ni nani atakayemwambia Tanta Deitje, ambaye siku hiyo hakuwepo, alikuwa kwenye msiba wa jirani akisimamia masufuria. Mchungaji alisema jambo hilo linamfaa mwanamke. Nilimwambia kwamba Mchungaji ndiye aliyetuma rekodi. Akasema ataniombea.

Nilimkuta Tanta kwenye uwanja wa msiba anakatakata pilipili, nikamweleza kwa kuzungukazunguka, jani la mtini na yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu.

"Nimezaa watoto wanne, mwanangu," alisema. "Hicho kitu nakifahamu. Wimbo haubadiliki."

Nilidhani ni ukaidi wake wa kawaida, na hasira zikanipanda. Nilimwambia asituaibishe. Akaniambia nikakate vitunguu.

Mchungaji akashika mambo mwenyewe, akatoa amri: ni perlu, au Tanta abaki. Basi tukaanza mazoezi ya perlu. Tanta aliimba perlu ubeti wa kwanza kwa mdomo uliobetuka, na kila tulipopanda kwenye kiitikio neno la zamani lilimponyoka kwa nguvu zote za kifua chake. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Yopi aliagizwa apige upatu kila Tanta anapokosea, na ikawa mazoezi yetu yanasikika barabarani kama duka la sufuria limeanguka. Bwana Lontoh alitoa fikra kwamba labda ni vita vya kiroho. Mimi nilifikia mahali nikasimamisha muziki, nikamwambia Tanta mbele ya wote kwamba anafanya makusudi, kwamba ni mzee mwenye kiburi na hakuna aliyemlazimisha kutunga wimbo. Alinitazama, akachukua mkoba wake, akaondoka bila neno. Kwa Tanta Deitje, kuondoka bila neno ni kama mtu mwingine kuzimia.

Nilikwenda kwake kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi nusu. Alinifungulia mlango, akaweka uji wa malenge mezani, akakaa mbele yangu huku anafuta mikono kwenye kanga ya kiunoni.

Nilijua kwamba ana mwana huko Keningau. Mtaa mzima ulijua. Ronny alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya michikichi, akaoa binti wa Kimurut, kabila la kule, bila kuleta posa wala habari, na tangu hapo, miaka tisa, mama na mwana hawajasemezana. Nilidhani Tanta anataka safari hii ili amwone kwa mbali na kuwabeba wajukuu. Hayo tu.

"Alikuja kunionyesha mke," Tanta alisema. "Siku ya sikukuu ya mavuno. Unajua nyumba inavyokuwa siku ile. Watu sitini hapa ndani na nguruwe wawili mezani. Nikasimama pale, pale mlangoni, nikamwambia: nenda, mama hana butuh na mtoto kama wewe."

Niliweka kijiko chini.

"Sikumwambia sina perlu," alisema. "Perlu ni neno la barua za serikali. Nilimwambia hili. Hili ndilo analokumbuka. Nikienda kumwimbia lile lingine atasikia nini? Atasikia mama yake amekuja kuomba fomu."

Nikamwambia ampigie simu basi, au amwandikie, amwambie neno hilo faraghani, wawili tu. Akatikisa kichwa. Alisema alilitoa mbele ya watu sitini, hawezi kulirudisha chumbani.

Niliona aibu. Nilimwambia samahani, nzima, siyo ile nusu. Lakini nilimwambia pia ukweli: huko mwanawe ana majirani, ana wakwe, ana wenzake kazini. Yeye Tanta ataimba mbele yao kwamba anahitaji lile jambo asubuhi na mchana, nao watacheka, na Ronny ndiye atakayebaki kuishi na hicho kicheko baada ya sisi kupanda ndege. Uji ukapoa. Kisha Tanta akasema twende kwa Mchungaji.

Mbele ya Mchungaji aliweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba Keningau ataimba perlu, kila mara, kiitikio chote. Mchungaji alifurahi akampa fulana yenye jina la safari. Na kweli, mazoezi yaliyobaki hakukosea hata mara moja. Aliimba sawasawa, kwa usafi, na wimbo ukafa. Tulijua sote. Om Fentje alisema ni kama kula uduvi uliokwisha kuliwa na mwingine. Lakini hakuna aliyethubutu kugusa kitu, tukafunga mizigo.

Ndege mbili na basi moja baadaye tulifika. Ndugu wa Keningau walitupokea kwa ngoma na wali wa kufungwa kwenye majani. Mbwa hakuwepo, na Om Fentje alijikaza. Mzee Gumpil alikuwa mtu mdogo, mpole, aliyekwepa macho ya Tanta Deitje tangu alipomshika mkono. Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani, na niligundua upesi kwa nini. Rekodi ile ilikuwa imezunguka. Vijana walikaa safu ya tatu wamebana midomo tayari, wakingoja.

Ronny alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, mkewe upande mmoja, watoto wawili upande mwingine. Alikuwa amekunja mikono. Nilimtambua kwa ule ukunjaji, maana Tanta hukunja hivyohivyo.

Tuliimba saba za kwanza vizuri. Ya nane ilipofika Tanta alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Aliimba perlu. Perlu asubuhi, perlu mchana. Vijana wa safu ya tatu wakatazamana, wameonewa. Mchungaji Kaparang akafumba macho kwa shukrani. Ronny hakukunjua mikono. Alikuwa anatazama sakafu, na kiitikio cha mwisho kilipokuwa kinaisha alimgusa mkewe bega, akainama kumbeba mtoto mdogo, kama mtu anayetaka kuwahi nje kabla watu hawajasongamana.

Tanta alimwona. Aliinua mkono, nikaacha kinanda. Yopi na Om Fentje wakaacha pia.

"Mchungaji," alisema, "nimeimba kama nilivyoapa. Wimbo umekwisha. Sasa naomba kusema."

Mchungaji alifumbua macho, akafungua na mdomo, lakini Tanta hakuwa ameuliza. Aliweka kipaza sauti chini juu ya spika, kwa uangalifu, kwa sababu hakihitaji. Akamwangalia mwanawe kupitia vichwa vyote vile.

"Ronny. Mama ana butuh na wewe."

Kanisa zima liliingiza pumzi kwa pamoja. Mama mmoja wa mbele aliziba masikio ya mjukuu wake. Safu ya tatu ilipasuka, vijana wakaangukiana, na kicheko kikakimbia hadi madirishani. Mzee Gumpil alianza kusoma paa. Nilitaka kubonyeza kinanda kwa nguvu kufunika yote, vidole vikakataa, kwa kuwa nilikuwa namtazama Tanta amesimama katikati ya kicheko kile peke yake, mnene, na fulana ya safari ikimbana, haondoi macho mlangoni.

Ronny alikuwa amesimama na mtoto mkononi. Kwa miaka yake yote ya kule, alijua vizuri mama yake amesema nini mbele ya wakwe zake. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Alingoja kicheko kipungue. Kilipokuwa kimepungua kiasi cha mtu kusikika, alimpa mkewe mtoto, akafuta macho kwa kiganja.

"Sijasikia vizuri, Mama," alisema. "Rudia."

Tanta Deitje akavuta pumzi, akarudia.