Sakafu ya Mjane Bordeleau

Ovila Gélinas hakuwahi kuanguka mtoni, na hakuwahi kumwacha mtu asijue hilo. Kila barafu ya mto Saint-Maurice ilipovunjika na magogo kuanza kushushwa kwa maji hadi viwanda vya mbao, aliruka gogo hadi gogo, upondo mkononi, njumu za chuma za buti zake zikiuma magome, huku wenzake wakichovywa majini kama mkate kwenye supu.

Kilichomshinda ni nchi kavu. Alimtaka Exilda, binti wa mjane Bordeleau mwenye nyumba ya wageni, na mjane hakutaka kusikia. Mumewe alimezwa na mto huohuo. Buti zake bado zilining'inia kwenye msonobari pale walipomzika, kama ilivyo desturi ya wasukuma magogo.

"Simwozeshi mwanangu maiti," alisema mjane.

"Maiti gani, mama? Mimi sijalowa hata soksi!"

"Na marehemu alisema hivyohivyo. Haya, njoo Jumapili tuzungumze. Ila hayo madude yako yenye meno uyaache mlangoni. Sakafu yangu si gogo."

Jumapili hiyo, magogo yakiwa karibu kushushwa, Ovila alikuja amechana nywele, akavua buti barazani kwa adabu zote. Akaingia na soksi za sufu, kifua mbele, akimtabasamia Exilda. Hatua ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili ilikwenda yenyewe. Mguu mmoja ulielekea jikoni, mwingine dirishani, na bingwa wa Saint-Maurice akatua kwa kishindo kilichomwaga supu ya njegere mezani. Mfupa ukalia ko!

Mjane akamtazama pale chini. "Huyu ndiye yule asiyeanguka?"

Wakamlaza chumba cha nyuma, mguu umefungwa vibao. Magogo yakashuka bila yeye. Aliyasikia yakigongana kutwa, na moyo ukamuuma kuliko mguu. Aliyechangamka ni mjane. Alimletea maharage na nyama ya nguruwe kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kumwita "mwanangu". Mkwe asiyeweza kukanyaga gogo ndiye hasa aliyekuwa akimwomba Mungu ampe.

Exilda naye alisimama mlangoni kila jioni, akiwauliza wapita njia mto umemchukua nani. Mto haukumchukua mtu. Mwaka ule maji yalikuwa mapole ajabu, na wanaume wote walirudi wazima, wakajazana chumbani kumcheka mgonjwa.

"Msimu mzima kaumia mtu mmoja tu," alisema Donat, rafiki yake wa siku nyingi, "tena anakwenda kuposa!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Exilda hakucheka. Alisimama na beseni mkononi, analia.

"Ni mimi," alisema. "Niliipaka sakafu nta mara tatu. Nilitaka uanguke mbele yetu, ujue kwamba na wewe unaanguka kama watu wengine. Kukuvunja sikutaka, Ovila. Haki ya Mungu sikutaka."

Ovila alijaribu kukasirika, akashindwa.

"Basi mwakani narudi mtoni," alisema kwa ukali. "Mguu ukipona tu, narudi."

Mguu ulikuwa umeunga ukiwa umepinda. Chumba kizima kilikuwa kimeshauona, isipokuwa mwenyewe.

"Utarudi," alisema Exilda upesi.

Na wale wanaume, ambao hawakuwahi kumwacha hata siku moja bila utani, wakaitikia mmoja baada ya mwingine kwamba ndiyo, atarudi.