Mto Uliofumuliwa

Ka.

Dada alidhani ni mlango. Akaufunga vizuri, akarudi kuketi. Ka, tena, nyuma ya pazia la chumbani. Nilipolivuta, mumewe alikuwa ameketi kitandani, uzi mdomoni, pamba zimemjaa mapajani, na mto aliopewa hospitali umefumuliwa wote.

Shemeji yangu huyo ni fundi makochi. Walipompasua kifua kumtengeneza moyo, walimpa mto aukumbatie kila akikohoa, wakamkataza kuvuta chochote kwa mikono miwili mpaka mfupa wa kifua uunge. Yeye akaona aibu kukumbatia kazi mbovu namna ile. Akaufumua aushone upya, akakaza uzi, mkono huku, mkono kule, kama alivyozoea. Kikohozi kikamkuta hana mto. Nasema wazi: kiburi cha fundi ni ugonjwa usio na chanjo.

"Kitanda hiki kinalia," alituambia.

Akakohoa. Kitanda kilinyamaza, kifua kikalia.

Tulimpeleka hospitali, naye njia nzima akinisema kwamba mashemeji wa siku hizi hawana siri. Muuguzi alimwekea kiganja kifuani, akamwambia akohoe. Daktari akatazama picha, akasema ni jambo la nadra lakini hutokea: nyaya mbili zinazoshika mfupa zimelegea. Kidonda ni kikavu, hakina usaha, kwa hiyo amewahi. Ila lazima afunguliwe tena, zikazwe. Akichelewa, vijidudu vitapenya ndani, na huko ndiko uliko moyo.

 Shemeji, mwenye maneno ya kujaza gunia, akauliza tu kama hakuna dawa ya kumeza. Hakuna. Basi, akasema, aende nyumbani akafikirie kwanza.

Dada hakupandisha sauti. "Fikiria hapa hapa, mume wangu. Mimi sitoki na kifua kinachobisha hodi."

"Na nikifia mezani?"

"Usipokwenda utafia kwenye pamba, na mimi ndiye nitakayezifagia."

Daktari alicheka kabla ya kujizuia. Shemeji naye akacheka, kicheko kikamuuma, akashika kifua kwa viganja viwili. Alipotulia, alivua saa yake, akaiweka mkononi mwa Dada na kumkunja vidole juu yake.

"Nakuahidi mbele ya ndugu yako," alimwambia. "Naingia leo. Na nikitoka, sindano sitaigusa mpaka wewe mwenyewe uniambie nishone."