Kichupa Nambari Tano

Sondes alitazama tena kwenye hadubini, akaomba moyoni kwamba kosa liwe la macho yake.

Seli za ubongo wa panya zilizowekewa maji ya damu ya watu wenye afya ziling'aa kijani. Hiyo ilikuwa dalili kwamba zinausoma ujumbe wa RNA na kutengeneza protini kama kawaida. Zile zilizowekewa ya wagonjwa wa lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, zilififia. Kingamwili zao, askari waliomgeukia bwana wao, zilikuwa zimepenya ndani na kuzikalia mashine zinazousoma ujumbe. Hayo waliyatarajia. Ila nambari tano, damu ya mtu asiye mgonjwa, nayo ilikuwa giza tupu.

"Itupe," alisema Profesa Jamoussi begani pake. "Hedia kaharibu tena. Juzi kachanganya vibandiko, jana kaacha jokofu wazi. Jumatatu nampeleka stoo akahesabu glavu."

Hedia, fundi wa maabara kwa miaka kumi na moja, ndiye aliyemfundisha Sondes kazi, tangu namna ya kushika kichupa.

Katika maabara ile ya mjini Sfax, damu ya wenye afya ilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Kila mmoja alipewa nambari, na waliapa kutoulizana. Sondes ndiye aliyewatoa damu majira ya baridi. Wenzake walichukua nambari yoyote. Hedia peke yake alichagua.

"Shoga, mimi nipe tano. Tano ni vidole vya kiganja, vinafukuza kijicho."

"Kijicho cha nini nawe, mume mwenyewe huna!" mtu alimtania.

"Ndicho wanachonionea kijicho!" Chumba kizima kilicheka. "Na damu yangu hii ni mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza, mtaona."

Sasa, mbele ya hadubini, Sondes alikikumbuka kicheko kile. Ni mara ngapi alinyamaza mikutanoni, akayabeba maneno yake hadi nyumbani kama mkate uliopoa?

"Profesa, sitaitupa."

"Unasemaje?"

"Nimelirudia jaribio mara mbili. Kwa mikono yangu. Hedia hakugusa kitu."

Profesa alivua miwani. "Unajua ni ya nani?"

"Najua."

"Basi usinitajie." Aliinama akatazama mwenyewe, na alipoinuka sauti ilikuwa imeshuka. "Mwambie aende hospitali wampime. Sahani hii ya seli si daktari, inaweza kukosea."

"Na stoo, Profesa?"

"Nani kataja stoo?"

Hedia alikuwa jikoni mwa wafanyakazi, amesimama mbele ya kabati na kopo la harisa, pilipili ya kusaga, mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba.

"Nifungulie hili, mpenzi. Halafu uniambie nilikuja kuchukua nini."

"Kaa kwanza, dada."

Sondes alimwambia yote, kwamba huenda ni lupus iliyofika ubongoni ndiyo inayomsahaulisha, kiapo chake akakivunja. Alizungumza akiangalia sakafu. Alipomaliza, Hedia alikuwa analia bila sauti.

"Mama alinifukizia ubani. Wifi kasema nimerukwa na akili. Na mimi niliamini, Sondes. Nikiamka, nakaa kitandani nahesabu majina ya watoto wa dada yangu, nione kama yapo."

"Huenda ni damu tu. Huenda inatibika."

"Huenda."

"Kesho saa mbili nakupitia. Twende pamoja."

Hedia alifuta uso kwa koti lake jeupe. Kisha akaupapasa mfuko wa Sondes, akatoa kalamu ya kuandikia vichupa, ile ambayo wino wake hautoki kwa maji.

"Niandikie," alisema, akinyoosha kiganja. "Usiku nitasahau, asubuhi nitadhani nimekukosea kitu, nitajificha."

Sondes aliushika mkono ule uliokuwa wa moto, akaandika polepole asiviumize vidole: *Saa mbili. Hospitali. Sondes anakuja.*

Hedia alisoma. "Ongeza moja."

"Nini?"

"Kwamba si uzembe."

Nafasi kwenye kiganja ilikuwa imekwisha. Sondes akaugeuza mkono, akaandika nyuma ya kiganja.