Plagi ya Sita

Plagi ya kwanza ilitoka kwenye injini ikiwa nyeupe kama mfupa uliochomwa na jua. Fundi Polepole aliigeuza kwenye mwanga, akaipangusa, akailaza juu ya gazeti. Ya pili ilikuwa hivyohivyo. Ya tatu kauri yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na hapo ndipo alipoguna.

"Nani alikuwekea hizi?"

Mshonaji aliyeleta gari alijibu kuwa ni fundi mmoja wa mtaa wa pili, aliyemwambia plagi ni plagi. Polepole hakumsema mtu. Alieleza tu kwamba plagi zaweza kufanana kama mapacha na kila moja ikawa na tabia yake: kuna zinazotoa joto haraka na kuna zinazolishikilia. Hizi zilikuwa za kushikilia joto, na injini hii haikuzitaka. Ziliungua humo ndani, ndiyo maana gari lilikohoa kila lilipopanda kilima.

Lilikuwa gari la zamani, refu, jeusi, lenye viti vya ngozi na mbao zilizong'arishwa mbele ya usukani. Mume wa mshonaji alimwendesha tajiri mmoja kwa gari hilo mpaka akaota mvi. Tajiri alipofariki, wanawe walisema lile kuukuu achukue dereva. Majirani walicheka walipoliona limeegeshwa mbele ya chumba cha kupanga chenye cherehani mlangoni. Wakasema punda kavishwa taji. Dereva hakujali. Aliliosha kila asubuhi, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Alilala hospitalini msimu mzima wa mvua, na leo ndiyo alikuwa anaruhusiwa kutoka. Ulimi wake ulikuwa bado mzito. Neno lililomtoka wazi kuliko yote lilikuwa "gari," na mkewe, ambaye alifundishwa udereva ndani ya gari hilohilo, alikuwa amemwahidi kwamba hatarudi nyumbani kwa jingine.

"Akiniona nimekuja na teksi," alimwambia Polepole, "atadhani nimeliuza. Atavunjika moyo, fundi."

Waliitana hivyo, fundi kwa fundi, mmoja wa vyuma na mwingine wa vitambaa.

Polepole alichukua plagi moja ya kuonyesha, akavuka barabara hadi duka la vipuri. Muuzaji alimsifia zile za kisasa zenye ncha nyembamba kama sindano, akasema zinadumu mno na kila mtu sasa anataka hizo. Polepole alizishika, akakubali kwamba ni nzuri, akazirudisha. Aliomba zile za kawaida, za aina ambayo gari hili lilizaliwa nayo. Muuzaji alipanda ngazi, akazitoa rafu ya juu na kupuliza vumbi.

Aliporudi, mshonaji alikuwa ameketi kwenye benchi akipunguza shati la mumewe. Lilikuwa limempwaya; hospitali ilikuwa imemla mwili.

Polepole aliegemeza viwiko kwenye ubavu wa gari, akaanza kupima mwanya wa ncha ya kila plagi kwa kibati chake chembamba cha kupimia. Ilimchukua muda mrefu. Tangu mvua zianze, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mwanzoni alisingizia kahawa, kisha homa, kisha uzee. Nyumbani alijifunza kunywa chai mkewe akiwa amegeuka, na mchuzi alisema haumpendezi siku hizi. Hakumwambia mtu. Fundi ni mikono. Ikijulikana kwamba mikono imeondoka, nani atamletea hata baiskeli?

Plagi tano zilikwenda vizuri. Alizivika kipande cha mpira wa bomba, akazizungusha kwa huo mpira mpaka zikashika, ndipo akazikaza kwa spana. Ya sita ndiyo ilikuwa nyuma kabisa, chini ya bomba nene, mahali ambapo ule mpira haukuweza kusimama. Huko vilipita vidole tu, na macho hayakuona kitu.

Aliingiza mkono. Plagi iligusa tundu, ikayumba, ikashika upande. Akairudisha. Alipojaribu tena ilimponyoka na kuanguka chini kwa mlio mdogo. Ikabidi aipime upya. Mara ya tatu ilianza kuingia, lakini kwa ugumu, na vidole vyake vikajua kwamba imekaa kombo.

Spana ilikuwa pale pale. Angeivuta kwa nguvu, plagi ingeingia, gari lingewaka, na mama huyu angeondoka akishukuru. Siku moja mbele, njiani, nyuzi za chuma za lile tundu, zikiwa zimekwanguliwa, zingeachia, na injini ingefunguliwa yote. Lakini hiyo ingekuwa siku nyingine, na nani angejua.

Aliishika spana. Akakaa nayo hivyo. Kisha akaiweka chini na kuitoa plagi nje.

"Fundi," alisema, bila kugeuka. "Mikono yangu inatetemeka."

Hakuwahi kuyasikia maneno hayo kwa sauti. Yalitoka madogo kuliko alivyoyaogopa.

Mshonaji hakuitazama ile mikono. Alichomeka sindano kwenye kola ya shati, akalikunja, akaja.

"Nifanye nini?"

Alimwonyesha pa kupitisha mkono. Ulikuwa mwembamba, ukapita chini ya bomba bila kukwama. Akamwambia aisimamishe plagi kwenye tundu, aizungushe kwanza kinyume, kama anayefungua, mpaka aisikie imeshuka kidogo, kama mguu unaotafuta ngazi gizani ukaipata. Hapo ndipo aanze kufunga.

Mshonaji alifumba macho.

"Imeshuka," alisema mwanamke.

"Sasa funga. Usiilazimishe."

"Uzi haulazimishwi, fundi. Hilo nalijua."

Vidole vyake viliendelea kuzungusha, vyepesi, mpaka plagi ikafika mwisho yenyewe. Polepole aliikaza kwa spana ndefu, kiasi tu, akarudisha nyaya na kumwambia apande awashe.

Injini iliamka mara moja. Haikukohoa. Ilinguruma chinichini, nzito na tulivu, na kifuniko chembamba cha kopo la mafuta kilichosahauliwa juu ya benchi hakikutikisika hata kidogo.

Mshonaji alibaki ameshika usukani. Akashusha kioo.

"Wifi anajua?"

Polepole alitikisa kichwa.

"Wangu alikuwa na ganzi mkononi wiki nyingi," alisema. "Niliambiwa siku aliyoanguka. Na aliyeniambia alikuwa daktari."

Alilitandaza shati kwenye kiti cha pembeni lisijikunje, akaingiza gia, na gari jeusi likatoka gerejini likipita kwenye mashimo kwa adabu.

Polepole aliosha mikono kwa sabuni ya unga. Akafunga mlango wa gereji jua likiwa bado kali, jambo ambalo hakulizoea, akashika njia ya nyumbani.

Mkewe alikuwa uani, ungo mapajani, akichambua kunde. Alimwuliza kama leo hakuna kazi. Polepole alisema ipo, imekwisha. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye kuliko kawaida, akaushika ukingo wa ungo kwa mkono wake wa kulia na kuuacha hapo.

Kunde zikaanza kutikisika. Zilichakarika polepole, zikihama upande hadi upande, kama zinasikia gari likija kwa mbali. Mkewe aliacha kuchambua. Aliusikiliza mlio ule, akautazama mkono wa mumewe. Kisha akaushika ungo upande wa pili, akaukaza, na kwa mkono uliobaki akaendelea kutafuta vijiwe.