Baridi ya Akiba

Kijiweni walimwita Baridi, jina lililokuwa nusu heshima na nusu kejeli. Kati ya teksi zote zilizopanga foleni mbele ya benki, lake ndilo gari kuukuu lililokuwa na kiyoyozi kizima, na yeye ndiye dereva aliyeendesha kutwa vioo vimeshushwa na shati limemganda mgongoni. Abiria akiomba awashiwe, uongo ulikuwa tayari mdomoni: leo kina homa, bosi, tuvumilie upepo. Ukweli ni kwamba alikuwa akikitunza. Alikitunza kama watu wanavyotunza sahani za wageni kabatini, wenyewe wakila kwenye bakuli za plastiki.

Na mgeni wenyewe alikuwa mmoja tu. Mama Mwalimu, mstaafu mwenye sauti ya chini, figo zake zilikuwa zimechoka, kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi apelekwe hospitali kukaa kwenye mashine ya kusafisha damu, kisha arudishwe nyumbani. Aliyelipa ni mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali. Alilipa kila mwisho wa mwezi, hakuchelewa hata siku moja, na sharti lake lilikuwa moja: mama yangu asipikwe na joto, gari lisilo na AC silitaki. Pesa hiyo ndiyo iliyobeba kodi ya nyumba na ada za watoto. Ile ya abiria wa kubahatisha iliishia kwenye mafuta na mboga.

Basi ikatokea Mama Mwalimu akaenda kukaa kwa binti yake mji mwingine, akawa anatibiwa huko msimu mzima wa joto. Muda wote huo Baridi hakugusa kile kitufe. Jua lilimkaanga, akajikaza kisabuni, tena akajipongeza kwamba mama akirudi atakikuta kiyoyozi kama kipya.

Siku moja kabla ya safari ya kwanza baada ya mama kurudi, akakiwasha kukijaribu. Kilichotoka kilikuwa pumzi ya moto, kana kwamba kuna mtu anamhemea usoni. Alikaa na kiganja mbele ya tundu, akikipa muda, akikibembeleza kimoyomoyo, mpaka kiganja kikaanza kutoa jasho.

Fundi wa karibu hakuangalia kitu. Alifungua boneti, akajaza gesi, akapokea chake. Gari likapoa vizuri kwa siku mbili, kisha joto likarudi, na Baridi naye akarudi kwa fundi yule yule. Akajaziwa tena. Hiyo ndiyo kawaida ya watu wengi wenye magari, kulipa kidogo kidogo ili kuikimbia ile pesa kubwa, na pesa kubwa huwa haina haraka. Safari hii ubaridi haukufika hata jioni.

Mama Mwalimu hangeweza kusubiri. Ikabidi Baridi amwombe mwenzake wa kijiweni, waliyemwita Mchumi kwa sababu hajawahi kumnunulia mtu chai, ambebee mama kwa muda, akidanganya kwamba gari lake liko kwa fundi wa breki. Mchumi alirudi ametulia kuliko kawaida yake. Alisema mama ni mpole kweli kweli, kajifunika shali lake mpaka shingoni na hakutoa neno njia nzima. Halafu akaongeza, akiangalia pembeni, kwamba mwanawe alipiga simu kumshukuru na kumuuliza kama ana nafasi mwezi ujao.

Baridi akapiga moyo konde, akaenda kwa fundi wa viyoyozi hasa, mtu mzima mwenye karakana nyuma ya soko. Huyu alipaka povu la sabuni kwenye mabomba, kiungo kwa kiungo, akisubiri na tochi yake. Kwenye mabomba povu lilitulia. Kwenye shingo ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, likaanza kuchemka.

"Gari ulikuwa umelipaki muda mrefu?" fundi akauliza.

"Hapana, liko barabarani kila siku. AC ndiyo nilikuwa siwashi. Sikutaka ichakae."

Fundi alizima tochi. Hakuwa mtu wa kufurahia makosa ya wateja, na hilo lilimuuma Baridi zaidi. "Mafuta yake ya kulainisha yanatembea pamoja na gesi," akasema. "Usipoiwasha hayatembei. Mpira wa kuzibia ukakauka, gesi ikatoka na mafuta yake, ukajaza gesi tupu juu yake. Kompresa imejisaga kavu mpaka imekufa. Ungeiwasha dakika chache tu kila wiki tusingekuwa hapa. Umeiua kwa kuionea huruma, ndugu yangu."

Kisha akamtajia bei ya kompresa na kazi ya kusafisha mabomba. Baridi alimwomba arudie, ingawa alikuwa amesikia vizuri tu.

Nyumbani mkewe alikuwa akifunga barafu kwenye mifuko. Friji lililogandisha barafu ile lilikuwa lake kwa jasho lake. Alilinunua baada ya kufua nguo za watu miaka na miaka, na sasa wanafunzi wa mtaa mzima walipitia kwake kununua barafu na juisi. Baridi alimweleza yote, hata lile neno la huruma. Hakuomba kitu. Aliona aibu hata kulitupia friji jicho, akawa anaangalia miguu yake.

"Uza friji," mkewe akasema.

"Mama watoto, hilo ni lako."

"Najua ni la nani. Kodi ni yetu sote. Liuze kabla sijabadili mawazo."

Kesho yake mnunuzi alikuja na mkokoteni. Friji lilipotoka, sakafu ilibaki na mraba msafi uliozungukwa na vumbi, na mkewe akachukua ufagio akafagia chumba chote kiwe rangi moja. Wote wawili walikuwa wamechoka, ule uchovu ambao hata ukilala unaamka nao.

Gari likatengemaa. Alhamisi mchana Baridi aliegesha nje ya hospitali, kiyoyozi kinavuma, ndani kumepoa mpaka vioo vimefanya ukungu. Alijiona mtu tena. Mama Mwalimu akatoka taratibu, akashikwa mkono, akaketi nyuma, wakaondoka. Hawajafika mbali, Baridi akatazama kwenye kioo akaona midomo ya mama inatetemeka. Akapaki pembeni haraka, roho juu, akauliza kama warudi kwa daktari.

"Hapana, mwanangu, ni baridi tu," akasema, akilivuta shali. "Damu ikitoka kwenye ile mashine inarudi mwilini kama maji ya kisima. Huwa hivi siku zote."

"Siku zote? Sasa mama, mbona hukuniambia nizime?"

"Ningekwambiaje? Naona shati lako lilivyolowa kila ukija kunichukua. Nikasema huyu kijana yuko juani kutwa, hii saa anayonibeba mimi ndiyo nafuu yake. Nikawa natembea na shali langu."

Baridi alikizima kiyoyozi. Akashusha vioo, na joto la mchana likaingia na vumbi lake na kelele zake. Mama Mwalimu alilegeza shali, akashusha pumzi, akasema kuhusu mwanawe asiwe na wasiwasi, atazungumza naye mwenyewe. Mwanawe huyo bado anamkumbuka mama yake alivyokuwa mzima. Kabla ya taa za barabarani mama alikuwa ameshalala. Baridi aliendesha akitafuta wa kumkasirikia na hakumpata. Jasho lilimwingia machoni, na si jasho peke yake.

Jioni alimkuta mkewe mlangoni, akamwambia hapo hapo, amesimama, maana angekaa asingeweza kusema. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakulia. Alivua kanga ya kiunoni, akaikung'uta, akampita, akaenda kufungua mlango wa mbele wa gari na kuketi.

"Washa," akasema.

"Mafuta yenyewe..."

"Nimesema washa."

Wakapandisha vioo, gari limesimama pale pale mbele ya nyumba, injini inaunguruma, haliendi popote. Ubaridi ukaanza kuja. Mkewe aliusogeza uso mpaka karibu na tundu, akafumba macho. Hapo ndipo Baridi alipokumbuka kwamba tangu anunue gari hili hajawahi kumwashia. Alimpeleka kliniki vioo viko chini. Alimpeleka kujifungua kitindamimba, katikati ya joto, vioo viko chini.

"Nisamehe, mama watoto," akasema.

"Nyamaza kwanza," mkewe akajibu bila kufumbua macho. "Niache nisikie baridi."